Jinsi ya kuandaa mchezo wa kuchekesha kuhusu wawili waliotoka wodini na kupewa nyumba moja

Kiini cha mchezo wa aina hii ni kifupi. Watu wawili waliokaa miaka kwenye taasisi, mara nyingi hospitali ya magonjwa ya akili, wanapewa nyumba ndogo wakae pamoja. Hawakuchaguana. Afisa ustawi wa jamii anawakabidhi ufunguo, anawaambia wataangaliwa kama wanaweza kujitegemea, kisha anaondoka zake. Kuanzia hapo, mambo ambayo mtazamaji huyafanya kila siku bila kuyafikiria, kama kupokea simu, kwenda dukani na kuzima taa, yanageuka kibarua.

Vikundi vingi huuharibu mchezo huu kwa namna ileile: waigizaji wanaingia jukwaani wakiwa wameshaanza kuchekesha. Wanapepesa macho, wanatetemesha mikono, wanaongea kwa kukwamakwama. Watu wanacheka dakika kumi, halafu wanachoka, na yule aliyewahi kuuguza ndugu yake nyumbani anaondoka wakati wa mapumziko asirudi. Nitakachoelekeza hapa kinategemea jambo moja: hawa wawili hawana habari kwamba wanachekesha. Wana kazi ya kufanya, na wanaifanya kwa moyo wote.

Hatua ya 1: Pata mswada na kibali chake

Una njia mbili, kutumia mchezo uliopo au kuandika wa kwenu. Unaojulikana zaidi katika kundi hili ni Elling, uliotokana na riwaya ya mwandishi wa Norway, Ingvar Ambjørnsen, iliyotoka 1996. Ndani yake wanaume wawili wanatoka kwenye taasisi na kupewa nyumba Oslo kwa gharama ya serikali. Filamu yake ya 2001, iliyoongozwa na Petter Næss, iliteuliwa kuwania Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Kwa Kiingereza ulifanyiwa marekebisho ya jukwaa na Simon Bent mwaka 2007.

Ukiamua kutumia mchezo wa mtu, omba haki kwa maandishi kabla ya kugawa nakala kwa waigizaji. Tafsiri nayo inahitaji kibali chake, hata kama umeifanya mwenyewe na onyesho halina kiingilio. Chini ya Mkataba wa Berne, hakimiliki ya kazi ya fasihi hudumu kwa uchache maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimeongeza hadi 70. Usijifariji kwamba kazi ni ya zamani.

Mkiandika wa kwenu, andikeni mfupi. Dakika 80 bila mapumziko zinatosha wahusika wanne.

Hatua ya 2: Ijue wodi kabla ya kuijua nyumba

Hapa ndipo ningekuomba utumie muda mwingi kuliko popote, kwa sababu vichekesho vyote vya mchezo vinatoka wodini hata kama wodi yenyewe haionekani jukwaani hata mara moja.

Kati ya 1955 na 1956 mwanasosholojia Erving Goffman alikaa ndani ya hospitali ya St. Elizabeths, Washington, iliyokuwa na wagonjwa zaidi ya 7,000. Alijitambulisha kama msaidizi wa mkuu wa michezo, akakwepa kushinda na watumishi, na hakubeba ufunguo. Katika kitabu alichotoa 1961 alieleza maisha ya humo ndani kwa namna ambayo mwongozaji yeyote anaweza kuitumia kesho asubuhi: mtu analala, anafanya kazi na anapumzika mahali pamoja, chini ya mamlaka moja, pamoja na kundi, kwa ratiba iliyopangwa na wengine. Mtoe mtu huyo baada ya miaka 15 umpe ufunguo. Ana akili zake na ana maoni yake. Kilichokosekana ni mazoezi.

Mpe kila mwigizaji daftari aandike kanuni 20 za wodi aliyotoka mhusika wake. Ziwe kanuni za vitu, achana na hisia. Kwa mfano:

– Mlango wa choo hauna komeo kwa ndani.
– Chai huletwa ikiwa na sukari tayari.
– Vijiko huhesabiwa baada ya kila mlo.
– Taa huzimwa na mtu mwingine.
– Nguo ikienda kufuliwa, inayorudi si lazima iwe ileile.
– Ukilia, unaandikwa.
– Anayegonga mlango haombi ruhusa, anakujulisha tu kwamba ameshaingia.

Sasa chukua kila kanuni uitupe ndani ya nyumba mpya uone kinachotokea. Choo kina komeo. Mmoja anaingia, anafunga, na anakaa humo saa nzima. Hajakwama, anafurahia. Mwenzake nje ana ratiba mkononi na tumbo linamsokota. Hapo tayari una tukio la dakika nne, na hakuna aliyefanywa kichekesho kwa sababu ya ugonjwa wake. Watazamaji wanawacheka wawili wanaopigania choo, jambo ambalo kila aliyewahi kukaa nyumba ya pamoja analijua.

Ukiweza, tafuta mtu aliyewahi kuishi kwenye taasisi akae nanyi siku chache za mazoezi, na umlipe kama mshauri mwingine yeyote. Usimuulize habari za ugonjwa. Muulize mambo ya mkononi: asubuhi ya kwanza ulifanya nini? Nani alipika? Ulilala saa ngapi? Majibu ya aina hiyo hayapatikani kwa kukaa na kubuni.

Na hili nalisema mara moja tu: msiweke tukio la mhusika kutupa dawa zake kama alama ya uhuru. Linapigiwa makofi, lakini ni uongo, na kwenye viti kuna mtu ambaye dawa hizo ndizo zinazomfanya aweze kuja ukumbini.

Hatua ya 3: Wachague wawili wasiofanana kwa hofu zao

Jozi ya kawaida ni msafi na mchafu, mrefu na mfupi, mnene na mwembamba. Inafaa kwa bango, lakini kwa mchezo mzima haitoshi. Wagawe kwa kile wanachokiogopa. Kwa ajili ya mwongozo huu nitawaita Ratiba na Njaa. Ratiba anaogopa nje: mlango, simu, watu wasiojulikana, sentensi isiyoandaliwa. Njaa haogopi nje hata kidogo. Anachoogopa ni kuachwa peke yake, kwa hiyo atakula, atalala, atapenda na atagombana ili mradi kuna mtu karibu. Mmoja hatoki ndani, mwingine hakai ndani bila mwenzake. Hawawezi kuachana, na ndiyo injini.

Kwenye usaili usiwape mistari ya kuchekesha. Mpe mwigizaji shati lenye vifungo 7 na umwambie alivae akiwa amechelewa, bila kusema neno. Anayekutazama kuona kama umecheka, mshukuru aende. Anayehangaika kweli na kifungo cha tano, mbakize.

Hatua ya 4: Jenga nyumba

Weka alama za kuta sakafuni kwa utepe wa gundi kuanzia siku ya kwanza ya kusimama, kwa vipimo halisi. Mchezo huu unahitaji udogo. Mwigizaji aliyezoea kufanya mazoezi kwenye ukumbi mpana atapotea akifika kwenye chumba ambacho vitanda viwili vinakaribia kugusana. Kama jukwaa lenu ni kubwa, libane kwa taa au kwa zulia. Msilijaze samani.

Anza na nyumba tupu kuliko unavyodhani inafaa: vitanda viwili, meza moja, viti viwili, simu, dirisha, milango miwili. Vitu viongezeke kadiri mchezo unavyokwenda, kila kimoja kikiingizwa na mhusika mbele ya watazamaji. Hadi mwisho nyumba imejaa, na hakuna haja ya mtu kusema kwamba miezi imepita.

Mlango wa kuingilia ndio kifaa muhimu kuliko vyote. Utumie mlango halisi wenye kitasa na kufuli, usitumie pazia. Kwa desturi ya jukwaani mlango hufungwa bawaba upande wa nyuma ya jukwaa na kufungukia nje, ili anayesimama kizingitini aonekane na kila mtu, na kwa mchezo huu desturi hiyo ifuatwe maana kizingiti ndipo Ratiba atakaposhinda nusu ya kwanza. Fundi asiufanye mwepesi. Uwe na uzito, na ukifungwa usikike hadi kiti cha mwisho.

Kama waigizaji wanaona ninauzungumzia mlango kupita kiasi, wasimulie kilichotokea Trieste, Italia, mwaka 1973. Daktari Franco Basaglia alikuwa ameanza kuifungua hospitali ya magonjwa ya akili ya mji ule. Wasanii na wagonjwa wakaunda pamoja farasi mkubwa wa buluu, wa mbao na karatasi, wakamwita Marco Cavallo, jina la farasi halisi aliyekuwa akivuta mkokoteni wa nguo za kufuliwa hospitalini hapo. Siku ya kumtoa mitaani ikaonekana farasi ni mkubwa kuliko mlango. Wakavunja ili apite. Miaka mitano baadaye, tarehe 13 Mei 1978, Italia ikapitisha Sheria Namba 180 iliyoanzisha kufungwa kwa hospitali za aina hiyo nchini kote. Mwongozaji anayejua habari hii hatakubali kuwekewa mlango wa pazia.

Hatua ya 5: Mazoezi

Wiki nne hadi sita za kila siku zinatosha. Kwa kikundi cha jioni, hesabu miezi miwili na ushee. Mgawanyo ninaoupendelea ni huu: siku tatu mezani mkisoma, kisha wiki nzima bila mistari kabisa, ndipo mswada urudi.

Wiki ya bila mistari huwakera waigizaji. Wavumilie. Kazi yake ni kuwafanya wakae ndani ya nyumba hiyo. Wape vibarua: tandika kitanda kwa namna ya wodini, panga vikombe, fungua kopo, mgawane dirisha. Zoezi ninaloliamini zaidi ni la chai. Weka mezani birika, vikombe viwili, bakuli la sukari na kijiko. Wahusika wote wawili wamekunywa chai iliyokwisha tiwa sukari kwa miaka. Hakuna anayejua anatumia vijiko vingapi. Kazi yao ni kutengeneza chai inayofanana na ya wodini. Njaa atatia viwili, ataonja, atatia kingine. Ratiba atataka kuhesabu, kwa hiyo atamwaga aanze upya. Usiingilie. Mara nyingi mahali fulani kwenye zoezi hili mmoja wao hugundua, bila kuambiwa, kwamba anaweza kuipenda chai isiyofanana na ile ya wodini, na uso wake unabadilika. Mwigizaji akishaupata uso huo, utautumia mchezo mzima.

Mswada ukirudi, msianze na tukio la kwanza. Anzeni na lile lenye kibarua kilicho wazi zaidi. Mfano mfupi:

(Simu inalia. Wote wawili wanasimama wima kando ya vitanda vyao.)
RATIBA: Saa tisa na dakika nne.
NJAA: Ni simu.
RATIBA: Najua ni simu. Nauliza kwa nini saa tisa na dakika nne.
NJAA: Si upokee?
RATIBA: Hatujaambiwa zamu ya nani.
(Simu inaendelea kulia.)
NJAA: Kule alikuwa anapokea sista.
RATIBA: Basi tumngoje.
(Wanatazama mlango. Simu inalia.)

Kicheko kiko kwenye "Basi tumngoje", lakini kitakuja kwa sharti moja: Ratiba autazame mlango akiwa na matumaini ya kweli kwamba sista ataingia. Akiusema mstari ule akijua ni utani, watazamaji wataona wanaambiwa utani. Akiusema kama mtu aliyepata suluhisho safi na anayejivunia kidogo, ukumbi utaanguka. Halafu kuna kitu cha pili kinachosahaulika, kile kitendo cha kusimama wima kando ya kitanda. Hakuna anayekielezea kwenye mazungumzo. Mtazamaji anaelewa mwenyewe kwamba kule kengele ikilia mtu alisimama hivyo, na kicheko kinapata uzito ambao maneno yangeuharibu.

Upande wa ufundi, sauti ya simu ipigwe na msimamizi wa jukwaa kwa mkono, mlio mmoja mmoja. Msitumie rekodi yenye urefu uliopangwa. Kicheko cha Ijumaa ni kirefu kuliko cha Jumanne, na mlio unaoingia katikati ya kicheko humfanya mwigizaji ashindane na simu. Mlio ukatike papo hapo mkono unapoinua chombo, usichelewe hata nukta.

Hatua ya 6: Mtu wa tatu na wa nne

Afisa ustawi wa jamii asiwe adui. Ana mafaili mengi, amechoka, anawapenda kwa namna yake, na ana uwezo wa kuwarudisha kule. Hilo la mwisho ndilo linalobeba mchezo, kwa hiyo watazamaji walisikie wazi ndani ya dakika kumi za kwanza. Mkikosa tishio la kurudishwa, vibarua vyote vinabaki michezo ya kitoto.

Angalia pia wanavyomwita. Miezi ya mwanzo ni "Bwana Afisa", na wanasimama akiingia. Siku Njaa atakapomwita kwa jina lake tu, akiwa ameketi na kikombe mkononi, tukio hilo halihitaji muziki wala taa maalumu. Liache lipite kama lilivyo.

Jirani huwa mwanamke, na waandishi wengi humfanya zawadi anayopewa mmoja kwa tabia njema. Mpe shida yake mwenyewe, ya kubeba mzigo, ya kodi, ya mimba, yoyote, ambayo hawa wawili wanaweza kuisaidia au kuizidisha. Akigonga mlango wao aje kuomba kitu. Ni mara ya kwanza mtu anawaomba wao kitu, na hawajui utaratibu.

Hatua ya 7: Shughulikia vicheko

Mwigizaji asubiri kicheko kifike juu na kuanza kushuka, ndipo aseme mstari unaofuata. Akiongea kikiwa bado kinapanda anakikata na hautasikika. Akingoja ukimya kamili, mchezo unakufa taratibu mbele ya macho yenu. Wakati anangoja aendelee na kibarua chake: akunje shati, ahesabu vijiko. Asisimame kama sanamu anayepigwa picha.

Kwenye onyesho la majaribio, mweke mtu pembeni na nakala ya mswada aweke alama kila mahali watu walipocheka, pamoja na sababu. Baadaye kaeni mzisome alama hizo, maana ndipo mtakapojua kama mchezo umekaa sawa. Kicheko kilichokuja baada ya mhusika kujaribu kitu, akashindwa, akajaribu kwa njia ya ajabu zaidi, kihifadhi. Kilichokuja mhusika alipoingia tu, kabla hajafanya lolote, ni dalili mbaya: ama mwendo umezidi, ama suruali ni fupi mno, ama sura imekunjwa. Punguza mpaka kipotee. Waigizaji watalalamika kwamba unawanyang'anya vicheko vyao bora, na kwa usiku mmoja watakuwa sahihi. Kuna pia kicheko cha aina ya tatu, kile cha mtu mmoja au wawili tu, kifupi, kinachotoka kona fulani ya ukumbi mahali ambapo hamkutarajia. Mara nyingi huyo ni mtu anayeijua wodi. Msiguse chochote mahali hapo.

Hatua ya 8: Maleba, taa na sauti

Nguo za mwanzo ziwe safi, zimepigwa pasi, na si za mwili huo. Namba au jina lililoshonwa kwenye kola linatosha, halina haja ya kuonekana na wote. Mabadiliko yawe ya polepole na yafuate hadithi: nguo ya kwanza ambayo mhusika ameichagua mwenyewe iwe mbaya. Mtu ambaye hajachagua shati kwa miaka 15 hawezi kuanza kwa kuchagua vizuri.

Taa za nyumba ziwe na swichi zinazogusika ukutani, na fundi wa taa afuate mkono wa mwigizaji. Kwa sauti, msijaze. Dirisha likifunguliwa mtaa usikike, likifungwa unyamaze. Imetosha.

Hatua ya 9: Chagua ukumbi

Mchezo huu unaishi kwenye nyuso na mikono. Elling ilipoigizwa kwa Kiingereza mwaka 2007 ilianzia Bush Theatre ya London, wakati huo chumba kidogo juu ya baa, na ikapokewa vizuri hadi ikahamia ukumbi mwingine mjini humo. Mwaka 2010 ikapelekwa Broadway, New York, kwenye Ethel Barrymore, ukumbi wenye viti zaidi ya 1,000, ikiwa na Brendan Fraser na Denis O'Hare. Ilizinduliwa tarehe 21 Novemba na kufungwa tarehe 28 ya mwezi huohuo. Sababu za onyesho kufungwa huwa nyingi, na tiketi za mji ule zina hesabu zake, lakini ningepewa nafasi ya kuchagua kati ya viti 80 vilivyojaa na viti 1,000, nisingefikiri mara mbili.

Kama hamna budi kuutumia ukumbi mkubwa, fungeni safu za nyuma na balkoni, sogezeni nyumba mbele kabisa ya jukwaa, na vitu vidogo vya kibarua viwe na rangi inayoonekana. Bakuli la sukari jeupe juu ya kitambaa cheupe halionekani kuanzia safu ya nane.

Hatua ya 10: Mwisho wa mchezo

Msiwaponye. Ratiba asihutubie umati, na Njaa asigeuke mtu wa maneno. Rudini kwenye daftari la kanuni mchague kibarua kimoja kilichowashinda mwanzoni, kisha wakifanye, vibaya, kwa namna yao, bila afisa kuwepo. Simu inafaa. Dukani panafaa. Kama mwandishi ameweka hotuba ya shukrani mwishoni, jaribuni kuicheza siku mbili kisha muiondoe. Waigizaji watakuwa wameshapata joto lake na litabaki kwenye matendo bila maneno yale.

Hatua ya 11: Baada ya uzinduzi

Usiku wa pili huwa mbovu. Waigizaji wamelala vizuri, wamesifiwa, na wanakwenda kuvitafuta vicheko vya jana mahali vilipokuwa. Wakusanye saa moja kabla ya onyesho na muirudie ile wiki ya bila mistari kwa dakika 20, chai au kupanga vikombe, ili warudi kwenye kazi.

Msimamizi wa jukwaa apime muda wa kila onyesho na kuuandika. Mchezo wa dakika 80 ukifika 84, watazamaji hawajaongeza vicheko kiasi hicho: kuna mtu ameanza kupumzika kabla ya mistari yake mizuri. Mtafuteni ni nani, mara nyingi ni Njaa, na mumweleze faraghani, akiwa peke yake, kabla ya kuvaa.